Kusakinisha Zana za Vielelezo vya Programu: Maandalizi ya Somo, au Somo Lenyewe?

Katika vyuo vingi vya ualimu imezoeleka kwamba somo la kompyuta huanza pale mashine inapokuwa tayari. Fundi wa maabara huja jioni, husakinisha programu zote zinazohitajika, na asubuhi wanachuo huketi mbele ya vioo na kuanza kubofya. Kwa mada nyingi desturi hii haina ubaya wowote. Hatumdai mwalimu wa jiografia aichore ramani ya dunia kwa mkono wake kabla ya kuifundisha. Lakini kwa mada ya kuunda vielelezo vya programu, sisi tunaona kwamba desturi hiyo humnyima mwanachuo sehemu kubwa ya elimu anayostahili, nayo ni sehemu ile ile atakayoihitaji siku atakapopangiwa shule isiyo na fundi, isiyo na intaneti, na yenye kompyuta kumi za mezani zilizofunikwa vitambaa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba tendo la kusakinisha ni somo la vielelezo kwa haki yake, na kuonyesha namna linavyoweza kufundishwa kwa majuma mawili, kila juma vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80.

Maana ya maneno

Kielelezo cha programu ni mchoro unaoonyesha sehemu za programu na namna zinavyohusiana, uchorwe kabla programu haijaandikwa au baadaye inapotakiwa kufahamika. Zamani kila mtaalamu alikuwa na alama zake. Grady Booch alichora mawingu, James Rumbaugh alichora mistatili, na msomaji wa huyu hakumwelewa yule. Katika miaka ya 1990 wawili hao, pamoja na Ivar Jacobson, walikutana katika kampuni ya Rational na kuziunganisha alama zao kuwa lugha moja ya michoro. Tunaweza kuiita Lugha Unganifu ya Vielelezo, nayo hujulikana kote kwa herufi zake UML. Jumuiya ya OMG iliipokea kuwa kanuni mwaka 1997, na toleo lake la 2.5.1 lilitolewa mwaka 2017. Mstatili ndio uliosalia, wingu likasahauliwa.

Neno kusakinisha lenyewe lastahili dakika mbili za kipindi. Kusakini ni kukaa mahali, kutulia, kufanya makao. Kumsakinisha mtu basi ni kumkalisha, kumpa makao. Mwanachuo akiambiwa hivyo hutambua mara moja kwamba kunakili faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta bado si kusakinisha. Mgeni aliyeachwa uani na mzigo wake hajapata makao. Ni lazima mwenyeji ajulikane, chumba kiwepo, na yale mgeni anayoyategemea yapatikane humo humo. Wako wanaopendelea kusema kupakia au kuingiza programu, nasi hatuna ugomvi nao, ila maneno hayo hayabebi fikra ya utegemezi, na utegemezi ndio kiini cha somo letu.

Zana ipi ichaguliwe

Zana za vielelezo ni nyingi, na mwalimu akizifuata zote hatafundisha chochote. Kwa mazingira ya vyuo na shule tunapendekeza vigezo vichache: zana iwe huria, ili mwanafunzi aweze kuichukua nyumbani bila kuvunja sheria, iweze kufanya kazi bila intaneti baada ya kusakinishwa, na iweze kubebwa na mashine ya zamani. Kigezo hiki cha mwisho kimepata uzito mpya. Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Shule yenye mashine zilizopita miaka kumi inabidi ifikirie Linux, ipende isipende.

Kwa vigezo hivyo, zana tunayoipa nafasi ya kwanza ni PlantUML. Hii haimtaki mtumiaji avute maumbo kwa kipanya. Anaandika maneno machache, nayo programu huyageuza kuwa mchoro. Faida yake kwa mwalimu ni kubwa kuliko inavyoonekana: kazi ya mwanafunzi ni maandishi matupu, yanaweza kuandikwa kwenye daftari umeme ukikatika, na mwalimu anaweza kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu kama anavyosahihisha insha.

Nafasi ya pili tunaipa Eclipse, katika kifurushi chake kilichoandaliwa mahususi kwa kazi ya vielelezo. Hiyo ni karakana nzima, si kisu. Yafaa kwa wanachuo wa mwaka wa mwisho na kwa mashine zenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi. Kwenye mashine ya gigabaiti 4 kipindi kitaisha kabla haijafunguka vizuri.

Tahadhari moja. Katika flashi za walimu bado inazunguka programu iitwayo ArgoUML. Ilikuwa zana njema sana kwa wakati wake, lakini toleo lake la 0.34 ni la mwaka 2011, na alama zake zinafuata UML 1.4. Inafunguka na inachora, na ndiyo maana ni rahisi mwalimu asitambue kwamba anafundisha sarufi ya zamani.

Juma la kwanza: kompyuta zikiwa zimezimwa

Kipindi cha kwanza hakihitaji umeme. Mwalimu aandike ubaoni, upande wa kushoto, maneno "maandishi ya mwanafunzi", na upande wa kulia achore mstatili mtupu ulioandikwa "mchoro". Kisha aulize: ili haya ya kushoto yawe hili la kulia, ni nani na nani wanaofanya kazi katikati?

Wanachuo watataja PlantUML. Mwalimu achore mstatili wake. PlantUML imeandikwa kwa Java, kwa hiyo haiwezi kutembea bila Java kuwemo ndani ya kompyuta. Mstatili wa pili. Java nayo hukaa juu ya mfumo endeshi, uwe Windows au Linux. Mstatili wa tatu. Na mfumo endeshi hukaa juu ya mashine yenyewe. Kando ya PlantUML achore mstatili mwingine ulioandikwa Graphviz, bila kueleza kazi yake kwa sasa. Aseme tu kwamba ni programu inayosaidia kupanga maumbo.

Sasa mistatili iunganishwe kwa mishale. Katika UML, utegemezi huonyeshwa kwa mshale wa vistari vilivyokatika, unaotoka kwa anayetegemea na kuelekea kwa anayetegemewa. Hapa ndipo wanachuo walio wengi hukosea, kwa sababu huwaza kwamba Java "inampa" PlantUML nguvu, hivyo mshale utoke kwa Java. Tusikimbilie kuwafutia. Tuwaulize habari za chungu na mafiga. Ukiondoa chungu, mafiga yanabaki yalivyo. Ukiondoa figa moja, chungu kinaanguka. Anayeanguka ndiye anayetegemea, na mshale hutoka kwake. Baada ya mfano huo tumeona darasa zima likigeuza mishale yake bila kuambiwa.

Mchoro huo uliopo ubaoni ni kielelezo cha UML kilicho halali. Wanachuo wamekichora kabla ya kuwasha kompyuta, nacho si mfano wa kubuni kuhusu benki au shirika la ndege wasilolijua. Kinahusu mashine iliyo mbele yao.

Hatua inayofuata ni kujaza habari ndani ya kila mstatili: toleo lipi, la biti 32 au 64, limetoka wapi, na nani ana ruhusa ya kuliweka. Swali la biti lisipitwe haraka. Eclipse, kwa mfano, iliacha kutoa matoleo ya biti 32 mwishoni mwa mwaka 2018, na mtu aliyekuwa na Eclipse ya biti 64 juu ya Java ya biti 32 alipata ujumbe wa makosa uliowatisha wengi, ilhali maana yake ilikuwa ndogo tu: wakaaji wawili wa nyumba moja hawasikilizani lugha.

Mwisho wa kipindi, kila kundi liandike kwenye karatasi utabiri wake. Tukiondoa Java, nini kitatokea? Tukiondoa Graphviz, je, kila mchoro utashindikana, au baadhi tu? Karatasi hizo mwalimu azikusanye na kuzifungia kabatini hadi juma la pili. Asizisahihishe.

Juma la pili: kompyuta zikiwa zimewashwa

Kwa zoezi hili tunashauri mashine za Linux, kwa sababu matoleo ya karibuni ya PlantUML kwa Windows hubeba ndani yake kipande cha Graphviz kinachohitajika, na hivyo siri tunayotaka kuifichua haionekani. Matoleo hutofautiana pia katika namna yanavyolalamika. Mwalimu alijaribu zoezi zima peke yake siku moja kabla.

Mashine zigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza halina Java wala Graphviz. Fungu la pili lina Java peke yake. Fungu la tatu lina zote mbili. Kila mashine iwe na folda moja yenye faili la plantuml.jar na mafaili mawili ya maandishi. Faili la kwanza, tuliite azima.txt, lina maneno haya:

@startuml
Mwanafunzi -> Mkutubi : omba kitabu
Mkutubi -> Daftari : tafuta jina
Daftari --> Mkutubi : kitabu kipo
Mkutubi --> Mwanafunzi : toa kitabu
@enduml

Huo ni mchoro wa mfuatano. Unaeleza nani anamwambia nani nini, na kwa utaratibu upi. Faili la pili, maktaba.txt, lina maneno haya:

@startuml
class Mwanafunzi
class Kitabu
Mwanafunzi "1" -- "0..3" Kitabu : ameazima
@enduml

Huu ni mchoro wa aina za vitu na uhusiano wake: mwanafunzi mmoja aweza kuwa ameazima vitabu kuanzia sifuri hadi vitatu. Msomaji ataona kwamba ukiacha neno moja la amri na alama za mwanzo na mwisho, yote yameandikwa kwa Kiswahili sanifu, na programu haikulalamika. Hatuoni sababu ya kumfundishia mtoto wa Kiswahili michoro yenye majina ya Kiingereza wakati zana yenyewe haijamlazimisha.

Kila kundi liandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

java -jar plantuml.jar azima.txt
java -jar plantuml.jar maktaba.txt

Katika fungu la kwanza mfumo endeshi utajibu kwamba amri ya java haijulikani. Utabiri wa wengi utakuwa umetimia, na hapo hakuna la kushangaza. Katika fungu la tatu faili mbili za picha zitatokea, azima.png na maktaba.png, na wanachuo watafurahi.

Fungu la pili ndilo somo. Hapo mchoro wa mfuatano utatokea mzuri kabisa, kama wa fungu la tatu. Mchoro wa aina hautatokea. Badala yake ndani ya picha yataandikwa maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba programu iitwayo dot haikuonekana. Darasa litanyamaza. Programu ni moja, mashine ni moja, mwandishi ni mmoja. Kwa nini mchoro mmoja ukubali na mwingine ukatae?

Mwalimu asijibu. Awape dakika kumi, na kama hawajafika, awaulize swali moja la kuwasaidia: katika mchoro wa mfuatano, nani aliyeamua kwamba Mkutubi akae kulia kwa Mwanafunzi? Watarudi kwenye maandishi na kuona kwamba ni mwandishi mwenyewe, kwa kumtaja Mwanafunzi kwanza. Na nani aliyeamua kwamba mshale wa kuomba uwe juu ya mshale wa kutoa? Ni wakati: kilichotangulia kipo juu. Mchoro wa mfuatano una utaratibu wake ndani yake, kwa hiyo PlantUML huuchora bila msaada. Mchoro wa aina hauna cha kwanza wala cha mwisho. Vitu ishirini vyenye uhusiano thelathini vyaweza kupangwa kwa namna nyingi mno, na namna nyingine mistari yake hupishana kama uzi uliochezewa na paka. Kutafuta mpango ambao mistari yake haipishani ovyo ni kazi ngumu inayohitaji hesabu maalumu, nayo ndiyo kazi ya Graphviz, ambayo asili yake ni maabara za kampuni ya AT&T huko Marekani. Programu yake iitwayo dot hupokea orodha ya vitu na uhusiano, na kurudisha mahali pa kuviweka.

Kwa hiyo mwanachuo ambaye angekariri kwamba "mchoro wa mfuatano huonyesha wakati, na mchoro wa aina huonyesha muundo" sasa amekiona jambo hilo kwa macho, na kilichomwonyesha ni upungufu katika usakinishaji. Fundi angekuja jioni na kuweka kila kitu, upungufu usingekuwapo, na tofauti hiyo ingebaki sentensi ya kunakili.

Sasa fungu la pili lisakinishe Graphviz, na kupima kwa amri ifuatayo kama PlantUML imeiona:

java -jar plantuml.jar -testdot

Ndipo karatasi za utabiri zitolewe kabatini. Kila kundi lisome liliyoyaandika na kurekebisha mchoro wake wa utegemezi. Marekebisho yenyewe ni ya thamani: mshale wa kuelekea Graphviz hautoki kwa PlantUML yote, bali kwa sehemu yake inayochora michoro ya aina.

Neno moja kuhusu ujumbe wa makosa. Wanachuo wetu wakiuona Kiingereza chekundu kwenye kioo hukimbilia kukifunga, kana kwamba wametukanwa. Tuwazoeze kuunakili ujumbe neno kwa neno kwenye daftari, kisha kuutafsiri, kisha kutafuta katika mchoro wa utegemezi ni mstatili upi unaotajwa. Mara nyingi ujumbe unataja jina la kitu kilichokosekana waziwazi. Kilichokuwa hakipo ni msomaji.

Mahali pasipo na intaneti

Vitabu vya maelekezo huandika kwamba katika Linux ya jamii ya Ubuntu au Debian, kusakinisha Java na Graphviz ni mstari mmoja:

sudo apt install default-jre graphviz

Ni kweli, ikiwa kuna intaneti. Mwalimu aliye mbali na mtandao anapaswa kuvichukua vifurushi mahali penye mtandao na kuvileta kwa flashi, na hapa kuna mtego ambao umewapotezea wengi nauli ya kwenda mjini na kurudi. Graphviz haiji peke yake. Hutegemea vifurushi vingine vingi vidogo, navyo hutegemea vingine. Amri ya kupakua bila kusakinisha,

sudo apt-get install --download-only default-jre graphviz

huviweka vyote kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Lakini hupakua vile tu ambavyo mashine hiyo haina. Mwalimu akipakulia kwenye kompyuta ya ofisi ambayo tayari ina nusu ya vifurushi, atarudi shuleni na nusu nyingine, na mashine za shule, ambazo hazina hata kimoja, zitakataa. Inabidi mashine ya kupakulia iwe na toleo lile lile la mfumo endeshi, la biti zile zile, na iwe bado mpya kama zilivyo za shule. Njia rahisi ni kubeba moja ya kompyuta za shule, kama yabebeka, na kuipeleka yenyewe kwenye mtandao. Mafaili yakishapatikana, shuleni huwekwa kwenye folda moja na kusakinishwa kwa pamoja:

sudo apt install ./*.deb

Hili nalo ni zoezi la vielelezo. Wanachuo wapewe orodha ya vifurushi na waambiwe wachore nani anamtegemea nani. Mchoro utakuwa mkubwa na wenye mistari mingi, na watakapouandika kwa PlantUML ili upangwe vizuri, Graphviz itakuwa inachora utegemezi wake yenyewe.

Flashi huleta pia mashaka mengine: faili laweza kuharibika njiani, au likaja na virusi. Dawa ya kwanza ni kulinganisha alama ya utambulisho. Amri

sha256sum plantuml.jar

hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows amri yake ni certutil -hashfile plantuml.jar SHA256. Mwalimu achukue alama hiyo pale alipopakulia faili, ailinganishe na ile iliyotangazwa na mchapishaji kama ipo, aiandike kwenye daftari, na kuipima tena afikapo shuleni. Ili wanafunzi waamini kwamba si uchawi, waandike faili fupi la maandishi, wachukue alama yake, kisha wabadilishe herufi moja tu na kuichukua tena. Tarakimu karibu zote hugeuka. Zoezi hili halizidi dakika tano, nasi hatujaona linalowashika zaidi.

Ruhusa na leseni

Katika baadhi ya maabara neno la siri la msimamizi wa mashine limebandikwa ukutani, kwa nia njema ya kuepusha usumbufu. Katika maabara nyingine mwalimu wa somo mwenyewe hajawahi kulijua. Hali zote mbili hazifai. Mwanachuo anayejifunza kusakinisha anapaswa kuelewa kwa nini mfumo endeshi unamuuliza yeye ni nani. Kusakinisha kwa ajili ya watumiaji wote ni kuibadilisha nyumba ya wote, na hilo huhitaji idhini, kuweka plantuml.jar kwenye folda yako binafsi ni kukaa chumbani mwako. Kwa sababu PlantUML ni faili moja, na Eclipse nayo hufunguliwa tu kwenye folda bila kugusa mfumo, wanachuo waweza kufanya sehemu kubwa ya kazi bila neno la siri la msimamizi. Java na Graphviz ziwekwe na mwalimu, darasa likitazama.

Kuhusu leseni hatutasema mengi, ila tutasema wazi. Zipo zana za kulipiwa za vielelezo, nzuri na ghali, na nakala zake zilizovunjwa kufuli huuzwa kwa bei ya chai. Mwalimu anayesakinisha nakala ya namna hiyo mbele ya darasa anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na la pili ndilo litakalokumbukwa. Tena yule aliyevunja kufuli ndiye anayejua ni nini kingine alichokiweka ndani. Kwa kuwa zana huria zipo na zinatosha kwa kiwango chetu, hatuoni udhuru.

Habari za Eclipse kwa ufupi

Kwa wanaoendelea na Eclipse, mambo matatu yatosha. Kwenye Windows kifurushi kifunguliwe karibu na mzizi wa diski, kwa mfano C:\eclipse, kwa sababu majina ya folda zake za ndani ni marefu na Windows kwa kawaida huweka ukomo wa herufi 260 kwa anwani ya faili. Ukikifungua ndani ya folda iliyo ndani ya folda, baadhi ya mafaili hayatatoka. Folda ya kazi za mwanachuo iwe kando na folda ya programu, ili toleo jipya likija kazi zisifutwe. Na ikiwa darasa litahitaji Papyrus, ambayo ni sehemu ya kuchorea UML ndani ya Eclipse, mwalimu aiongeze mapema akiwa na mtandao, kisha anakili folda nzima iliyokamilika kwenda kwenye mashine nyingine za mfumo endeshi ule ule.

Kupima maarifa

Maswali ya "taja hatua tano za kusakinisha programu" hupima kumbukumbu, na hatua zenyewe hubadilika kila toleo. Tunapendekeza mtihani wa vitendo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: programu iliyosakinishwa ipewe kazi, na kazi hiyo ikwame kwa makusudi. Mwalimu aandae mashine yenye kasoro moja iliyofichwa. Aweza kubadili jina la plantuml.jar, kuondoa Graphviz, au kuweka Java ya zamani kuliko inayotakiwa. Mtahiniwa apewe ujumbe wa makosa uliochapwa kwenye karatasi, achore utegemezi, na aweke alama ya msalaba mahali anapodhani pamekatika, kabla ya kugusa kibodi. Kati ya alama 10, sita ziwe za mchoro na hoja, nne za kurekebisha. Mtahiniwa anayerekebisha kwa kubahatisha, bila mchoro, asipate zaidi ya hizo nne, hata kama mashine inafanya kazi.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo afungue daftari la mashine katika shule aliyopelekwa. Kila kompyuta iwe na ukurasa wake, wenye safu za tarehe, kilichosakinishwa, toleo, biti, kilikotoka, alama ya utambulisho (herufi nane za mwanzo zatosha), na jina la aliyesakinisha. Mwanachuo atakayemfuata mwaka unaokuja aanzie hapo. Daftari liwe la karatasi na likae ndani ya maabara, kwani kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta hazisomeki siku kompyuta hiyo ikikataa kuwaka.